Maziko ya Mzee Hobart Yalivyogeuzwa Kampeni

Kitu cha kwanza nilichokiona kwenye ile picha ya gazeti kilikuwa kibendera. Nusu yake tu, pembeni kabisa, rangi ya zambarau.

Mimi husoma picha kwanza, maneno baadaye. Shule niliiachia darasa la nne. Na kile kibendera nilikijua. Watu wa nyumba ya maziko huvibandika vibendera hivyo kwenye boneti za magari yanayofuata jeneza, ili kila anayekutana nayo njiani ajue huo ni msiba. Aliyeikata ile picha alilikata gari la jeneza lote, akavikata na vibendera vyote, ila hiyo nusu ikamponyoka.

Juu ya picha waliandika kwa herufi kubwa: MJI MZIMA WASIMAMA KUMLAKI PREWITT.

Mlio nami tangu mwanzo mnajua jina langu ni Leta, na mnajua nilikotoka. Mama alikufa, nyumba yetu ya magurudumu ikaburutwa na wanaotudai, nikawa nalala kwenye gari bovu nyuma ya kanisa. Bi Verna Stidham akaniokota. Akanipa chumba juu ya duka lake la kufulia nguo, na kazi ya kukunja mashuka. Kisha mumewe, Mzee Hobart, mchimba makaa, akafa kwa vumbi la mgodini lililomjaa kifuani. Wiki jana niliwaacha siku ya maziko yake, nimesimama mlangoni pa duka na taulo mkononi, na mwanamume mgeni ananijia huku amenyoosha simu mbele yake kama mtu anayeomba moto wa sigara.

Leo naanzia hapo.

Hapa kwetu Sallow Fork jeneza likipita kila gari husogea pembeni. Redio zinazimwa. Wanaume wanashuka, wanavua kofia na kuziweka vifuani. Hata kama marehemu humjui. Na gari la jeneza huwezi kulipita, hata kama mkeo anajifungua kiti cha nyuma.

Siku hiyo basi la kampeni la Prewitt, mgombea useneta, lilikuwa linapita kwenda mji wa mbele. Likajikuta nyuma ya msafara wa Mzee Hobart. Dereva alikuwa mtu wa milima hii hii, hakuthubutu kupita. Basi likatambaa nyuma ya wafiwa, na ubavuni sura ya Prewitt, kubwa kama mlango wa ghala, inacheka. Barabara nzima watu wamesimama kimya. Wengine wanalia.

Mgeni akanifikia.

"Dada, habari. Naitwa Pell, mwandishi wa habari. Hawa watu wote wametoka kwa ajili ya Prewitt?"

Nikamwangalia. Alikuwa ananitazama machoni, anasubiri.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kumbe wanampenda kiasi hiki?"

Nikaitikia tena.

"Naweza kuandika kwamba ni mtu wenu?"

Nikaitikia tena. Akatabasamu, akanishika bega. "Umenisaidia sana, dada." Akakimbilia gari lake.

Neno halikunitoka. Hata moja.

Kesho yake asubuhi Bi Verna aliliweka gazeti juu ya mashine ya kukaushia, akajipapasa kifuani.

"Leta, miwani yangu sijui nimeitupa wapi. Hebu nisomee hapa. Naona kama huyu ni mimi."

Alikuwa yeye. Uso wake kwenye dirisha la gari la kwanza, mdomo wazi, machozi hadi kidevuni.

"Soma, mwanangu, usione haya. Tuko wawili tu."

Nikasoma huku kidole kinafuata maneno. "Mama mmoja... akilia kwa... kwa furaha..."

"Kwa nini?"

"Kwa furaha."

Mashine namba tatu ilikuwa inapiga kelele zake za siku zote, kama kuna kiatu ndani.

"Endelea."

"Akilia kwa furaha wakati Prewitt akipita."

"Endelea."

"'Ni mtu wetu. Tunampenda,' alisema msichana mmoja mkazi wa mji huo huku akifuta machozi."

Machozi gani? Nilikuwa nafuta mikono na taulo!

"Msichana gani?" Bi Verna aliuliza.

"Hawakumtaja."

"Hobart," alisema, na hakuwa anasema na mimi. "Hobart, umewasikia hawa?"

Niwaambie kwa nini lilimchoma. Huyu Prewitt, alipokuwa kwenye bunge la jimbo, alipiga kura wachimbaji waliojaa vumbi wapate shida zaidi kulipwa haki yao. Mzee Hobart alikuwa akimwona kwenye televisheni, anauchomoa mpira wa oksijeni puani ili apate nafasi ya kutukana vizuri. Bi Verna anaurudisha, yeye anauchomoa. Mpaka mwisho wa habari. Na sasa nchi nzima ilikuwa inamwona mjane wake akimlilia mtu huyo huyo kwa furaha, siku ya kumzika.

Kufika mchana ile picha ilikuwa kwenye televisheni ya dukani.

Ile televisheni ina sheria yake. Wateja wanaompenda Prewitt wanapewa saa moja na kituo chao, wanaompinga saa moja na cha kwao, na rimoti inakaa mfukoni mwa Bi Verna. Kituo cha kwanza, mtangazaji mwenye meno meupe: "Wakubwa wa mijini hawawaelewi watu hawa. Watazameni! Hii ndiyo Amerika ya kweli, inasimama na mtu wake!"

Bi Verna akabadilisha.

Kituo cha pili, mtangazaji mwingine, meno yale yale: "Inasikitisha. Mama huyu anamlilia mtu aliyewanyima wachimbaji haki zao. Watu hawa watajifunza lini?"

Picha ileile. Dirisha lilelile. Wote wawili walikuwa wamevikata vibendera.

Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri blanketi lake akasema, "Verna, angalau wamekupiga picha nzuri. Mimi waliwahi kunitoa gazetini macho yamefumba, wakaandika nimefariki."

Watu wakacheka. Hata Bi Verna alitaka kucheka, nikauona mdomo unajaribu. Kisha akasema, "Hivi katika wote hawa hakuna hata mmoja aliyejiuliza mbona nimevaa nyeusi?"

Mzee akachukua blanketi lake, akatoka.

Simu ya duka ikaanza kulia, namba sijui waliipata wapi. Watu wa mbali, majimbo ambayo hajawahi kufika. Mmoja anampongeza, anayefuata anamwita mama mjinga. Mmoja alimwombea naye ajaze vumbi kifuani. Bi Verna alimsikiliza huyo mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa upole, "Mume wangu alikuwa anaitwa Hobart," akauchomoa waya wa simu ukutani.

Mimi nilikuwa nakunja mashuka. Nilikunja mpaka yaliyokwisha kukunjwa.

Watu wa Sallow Fork hawakudanganywa na gazeti, walikuwepo. Walichotaka kujua ni nani aliyempa mgeni yale maneno. Msichana mmoja. Msichana gani?

Walimpata upesi. Ng'ambo ya barabara kuna kituo cha mafuta cha Mzee Estill, na kwenye kaunta ya pale alikuwa anakaa Misty Caudill. Misty ana mdomo unaojulikana hadi ng'ambo ya mlima. Tena kwenye gari lake amebandika stika ya Prewitt. Siku ya maziko alikuwa zamu. Nani mwingine?

Nusu ya moyo wa Mzee Estill ilizikwa siku aliyozikwa Hobart, maana walishuka mgodini pamoja wakiwa vijana. Akamwambia Misty akae nyumbani mpaka atakapomwita. Tunajua wote maana yake.

Misty alikuja kwetu na kapu la nguo, Bi Verna akiwa ametoka kwenda makaburini. Akalitua kapu juu ya meza yangu.

"Shosti, umesikia? Eti mimi!"

Nikainama.

"'Ni mtu wetu, tunampenda.' Basi? Maneno manne? Mtu yeyote anayenijua angejua hayo si yangu! Mwandishi akinishika mimi, simu yake inaisha chaji, anaomba ya mwenzake, nayo inaisha, mpaka gazeti linakosa karatasi. Ningemweleza na kuhusu goti langu."

Nilicheka bila kutaka. Yeye hakucheka.

"Stika nimebandika, sikatai. Kura ni yangu. Lakini Mzee Hobart ndiye aliyenifundisha kuendesha gari, Leta. Baba yangu alikuwa jela, yeye akaniketisha kwenye lile lori lake, nikagonga uzio wa kanisa, akasema ni yeye aliyegonga. Mimi nimuuze mtu huyo siku ya jeneza lake?"

"Najua," nikasema.

"Unajua nini?"

Nikavuta shuka jingine.

Akasogea karibu. Alikuwa na harufu ya sabuni na sigara. "Wewe ulikuwa hapo mlangoni. Nilikuona na taulo lako. Uliniona nikizungumza na mtu?"

Ni hapo, wasomaji wangu. Ni hapo mlango ulikuwa wazi kabisa na sikupita.

"Sikuona," nikasema.

"Hukuona nikizungumza, au hukuona kabisa?"

"Nilikuwa nakunja."

Alinitazama muda. Si kwa kunishuku, afadhali angenishuku. Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeuliza njia kwa kipofu. "Haya," akasema. "Si kosa lako, mtoto wa watu. Mzee Estill asiponirudisha hadi Jumamosi nahamia Ohio kwa dada. Na dada yangu mume wake anaimba alfajiri. Niombee."

Bi Verna akaingia wakati huo, viatu vina udongo wa makaburini. Akamwona Misty. Akaliona kapu.

"Nguo zako kafulie kwingine," alisema.

"Bi Verna, naapa..."

"Usiape, Misty. Umeshasema ya kutosha."

Misty akabeba kapu lake. Na mimi nikamfungulia mlango.

Siku zilizofuata sikula vizuri. Jokofu lilikuwa limejaa chakula cha msiba, mabakuli ya viazi na jibini yenye majina ya wenyewe yamebandikwa chini, na Bi Verna ananisukumia: "Kula, Leta, unakonda kama wewe ndiye mfiwa." Alikuwa amemzika mume na bado ananichagulia kipande chenye jibini nyingi. Ningependa anipige.

Nilijaribu kusema. Nilikwenda mpaka mlangoni pa chumba chake. Nikamkuta ameshika shati la Mzee Hobart, anatafuta kifungo kilichopotea, kana kwamba mwenyewe atalivaa kesho. Nikamuuliza kama anataka chai.

Ijumaa, Pell akarudi.

Safari hii alikuja na mpiga picha, taa na kamera kubwa. Inasemekana mtu mmoja huko mjini aliivuta ile picha ikawa kubwa, akaiona ile nusu ya kibendera, akauliza mbona ipo pale. Maswali yakawa mengi. Gazeti likamrudisha mtu wao.

"Mama, nimekuja kurekebisha," alimwambia Bi Verna. Sauti ya upole kweli. "Tulikosea. Tunataka nchi isikie upande wako."

"Upande wangu ni kwamba nilikuwa namzika mume wangu."

"Ndiyo, ndiyo. Sasa, unaweza kusema Prewitt aliyateka maziko ya mumeo? Kwa hasira kidogo, kama unavyojisikia."

Bi Verna akamtazama. "Prewitt alikuwa nyuma yangu kwenye basi lake. Sikuwahi kumpenda na leo simpendi. Lakini hakuniomba kitu siku ile, wala hakuchukua kitu. Wewe ndiye uliyechukua."

Pell akakohoa. "Hiyo... hiyo itakuwa vigumu kuitumia."

"Basi usiitumie. Nijibu mimi. Nani alikwambia yale maneno?"

Watu walikuwa wameshajaa. Mzee Estill alivuka barabara alipoiona kamera. Misty naye aliliona gari la wageni pale nje, akaingia na koti lake la safari, amesimama karibu na mashine ya soda. Hakuna aliyemsalimu.

"Kwa kawaida hatutaji," Pell akasema.

"Hukumtaja, na sisi tumekuwa tunatajana wiki nzima," alisema Mzee Estill. "Mwonyeshe. Yumo humu?"

Pell akazungusha macho. Akawapita wazee. Akafika kwangu. Alinitazama usoni, karibu kama siku ile, mkono ule ule ulionishika bega ukanyooka.

"Samahani, dada, sogea kidogo. Unaiziba taa."

Nikasogea.

Macho yake yakaendelea hadi mashine ya soda, yakatua kwa Misty. Akakunja uso, kisha akaukunjua.

"Nadhani... Ndiyo. Ni huyu dada. Naikumbuka sauti yake."

"Sauti yangu?" Misty aliruka. "Wewe bwana, sauti yangu ukiisikia mara moja hutaisahau, na mimi sura yako ndiyo kwanza naiona! Nilikwambia nini? Kuhusu goti nilikwambia?"

"Mwandishi mwenyewe ameshasema," Mzee Estill akasema, akageukia mlango. "Usirudi kazini, Misty. Si Jumamosi, si siku nyingine."

Misty akafungua mdomo. Sijawahi kumwona Misty Caudill amekosa neno, na sitaki kuona tena. Bi Verna aliinua mkono kumwonyesha mlango.

"Hakusikia sauti."

Watu wote waligeuka. Nilidhani wanamtazama mtu nyuma yangu. Kumbe ni mimi niliyesema.

"Nini, Leta?" Bi Verna aliuliza.

"Huyu bwana. Hakusikia sauti ya mtu yeyote siku ile. Niliitikia kwa kichwa tu. Aliniuliza, nikaitikia. Maneno aliyaweka yeye. Ni mimi, Bi Verna. Misty hakuzungumza naye kabisa."

Pell alikuwa wa kwanza kuzinduka. "Subiri, subiri. Washa, washa! Dada, hebu rudia hapo, kamera ilikuwa haijawa tayari. Tazama huku."

Mzee Estill akaweka kofia yake mbele ya kile kioo cha kamera, akaiacha hapo.

Bi Verna akaja mpaka mbele yangu. Nilitarajia kofi. Akanishika mikono, akaishikilia kama alivyonishika siku aliyonitoa kwenye lile gari nyuma ya kanisa.

"Alikutisha?"

"Hapana."

"Alikuahidi kitu?"

"Hapana."

"Basi hukuelewa." Alisema kwa sauti, ili wote wasikie. "Mtoto ameachia shule darasa la nne, mgeni anamjia na maneno yake ya haraka haraka ya mjini. Atajuaje anaulizwa nini? Hukuelewa, mwanangu. Si ndiyo?"

Nikamwona Mzee Estill anaitikia. Nikamwona hata Pell anaitikia, anaona ametoka salama. Misty pekee ndiye aliyenitazama bila kuitikia, mkono kwenye kifungo cha koti.

"Sema tu hukuelewa," Bi Verna akaninong'oneza. Macho yake yalikuwa yananiomba. "Sema, twende tukale."

Chumba changu kilikuwa juu ya vichwa vyetu. Kitanda changu, blanketi la Mzee Hobart alilonipa kabla hajafa. Ilibaki kuitikia kwa kichwa tu.

"Nilielewa," nikasema.

Mikono yake ikalegea.

"Nilimwelewa vizuri, Bi Verna. Nilijua jeneza ni la Mzee Hobart na nilijua ni uongo. Lakini aliniuliza mimi, halafu akasimama akanisubiri nijibu. Hakuna mtu aliyewahi kunisubiri. Ningemwambia ni maziko tu, angegeuka akaondoka. Na mimi nilitaka abaki."